Somo la Ufundi: Kuandaa na Kutumia Mashine ya TIG katika Karakana ya Pamoja

Mkebe wa maziwa wa stenlesi ukipasuka shingoni, mfugaji ana njia tatu. Anaweza kununua mwingine, na bei yake anaijua. Anaweza kuupeleka kwa fundi wa kawaida auchomelee kwa fito za kawaida, halafu baada ya wiki chache aanze kuona kutu na kusikia harufu ya maziwa yaliyoganda kwenye mshono. Njia ya tatu ni kumtafuta fundi anayejua kutumia mashine ya TIG. Mshono wa fundi huyo ni laini, hauna makombo, na mkebe hurudi kazini.

Mashine hiyo na mtungi wake wa gesi ni ghali kwa fundi mmoja anayeanza. Ndiyo maana vikundi vingi vya vijana, vyama vya ushirika na vyuo vya ufundi huwa na mashine moja inayotumiwa na watu wengi. Kushirikiana huku kunapunguza gharama, lakini kunaleta jambo ambalo fundi wa peke yake halijui: unapofika asubuhi, mashine iko jinsi mtu mwingine alivyoiacha jana. Somo hili linaeleza jinsi ya kuiandaa, kuitumia na kuikabidhi mashine hiyo bila kuharibu kazi, kupoteza gesi au kuumiza mtu.

1. TIG hufanya kazi vipi?

Katika uchomeleaji wa kawaida wa umeme, fito unayoishika ndiyo inayotoa moto na ndiyo inayoyeyuka kujaza mshono. Katika TIG kazi hizo mbili zimetenganishwa. Mkono mmoja unashika tochi yenye sindano ya tungsteni. Mkono wa pili unashika waya wa kujazia. Tungsteni hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 3,400 za Selsiasi kabla ya kuyeyuka, ilhali chuma cha kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo sindano hutoa mwale wa umeme bila yenyewe kuliwa.

Chuma kilichoyeyuka kikikutana na hewa, oksijeni na naitrojeni hukiharibu. Ili kuzuia hilo, gesi ya agoni hutoka kwenye kikombe cha kauri kinachozunguka sindano na kufunika kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Agoni haishikani na kitu chochote, haiungui, haina rangi wala harufu.

Kumbuka mambo matatu: sindano, gesi na usafi. Karibu kila kosa la TIG linatokana na mojawapo ya hayo.

2. Anza kwa kuikagua mashine

Usiwashe kwanza. Zunguka mashine ukiwa umeizima na uangalie mambo manne.

(a) Nyaya zimechomekwa wapi? Kwa chuma cha kawaida na stenlesi, tochi ya TIG huchomekwa upande wa hasi (-) na kibanio, ambacho mafundi wengi hukiita athi, huchomekwa upande wa chanya (+). Aliyetumia mashine jana kwa fito za kawaida huenda alizigeuza. Ukiwasha tochi ikiwa upande wa chanya, joto jingi litarudi kwenye sindano, ncha itavimba kama kichwa cha kiberiti na vipande vyake vitadondoka kwenye mshono.

(b) Swichi iko kwenye DC au AC? Chuma na stenlesi huchomelewa kwa DC. Alumini hutaka AC, kwa sababu ina utando mgumu juu yake unaoyeyuka karibu na nyuzi 2,000, ilhali alumini yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 660 tu. Umeme wa AC huvunja utando huo. Kama mashine yenu ina DC pekee, msipoteze muda wala gesi kujaribu alumini.

(c) Mtungi ni wa gesi gani? Soma maandishi ya mtungi wenyewe, usitegemee rangi peke yake. TIG hutaka agoni tupu. Mchanganyiko wa agoni na kabonidayoksaidi ni wa mashine ya waya unaojisukuma. Ukiuweka kwenye TIG, sindano itaungua na kuwa nyeusi mara moja.

(d) Nyaya na mipira ziko salama? Waya uliochubuka, plagi iliyoungua au mpira uliopasuka ni sababu tosha ya kusimamisha kazi na kumjulisha msimamizi.

3. Umeme

Soketi ya kawaida hapa Kenya ni ya volti 240 na plagi yake ina fyuzi ya ampia 13. Hiyo hubeba takriban wati 3,000. Mashine ndogo ikifanya kazi ya bamba jembamba itatosheka. Lakini mashine ya ampia 200 ikifunguliwa hadi mwisho huvuta zaidi ya hapo. Fyuzi ikikatika, usiweke kipande cha waya mahali pake. Mwite fundi wa stima mwenye leseni awawekee laini yake, swichi ya kukata na athi ya kweli ya jengo.

Angalia pia kibao kilicho nyuma ya mashine. Kikisema asilimia 35 kwa ampia 200, maana yake ni kwamba katika kila dakika 10 unaruhusiwa kuchomelea dakika tatu na nusu kwa nguvu hiyo, na muda uliobaki mashine ipumzike.

4. Gesi

Mtungi usimame wima na ufungwe kwa mnyororo kwenye ukuta au toroli. Mtungi uliojaa una presha ya bari 200 hivi. Ukianguka na vali ikavunjika, unaweza kuruka na kutoboa ukuta.

Kabla ya kufunga regulata, hakikisha mdomo wa vali hauna vumbi wala mafuta. Kaza nati kwa spana, simama kando, usisimame mbele ya uso wa saa ya presha, kisha fungua vali polepole. Paka maji ya sabuni kwenye viungo. Mapovu yakitokea, gesi inavuja.

Weka mtiririko wa lita 7 hadi 10 kwa dakika. Wengi hudhani gesi nyingi ndiyo kinga bora. Sivyo. Gesi ikitoka kwa kasi mno huzunguka kama maji ya mto kwenye mawe na kuvuta hewa ndani, mshono ukawa na matundu. Upepo nao huipeperusha, kwa hiyo weka kizuizi kati ya kazi na mlango ulio wazi. Usifunge kila dirisha, kwa maana wewe mwenyewe unahitaji hewa.

5. Sindano ya tungsteni

Kwa kazi nyingi za bamba jembamba, sindano ya milimita 1.6 inatosha. Kazi nene zaidi hutaka ya milimita 2.4. Rangi iliyopakwa mwishoni hueleza aina yake. Nyekundu ina thoriamu, ambayo ina mnururisho kidogo, na vumbi lake si la kuvuta puani. Karakana inayotumiwa na wengi ina heri kununua zenye alama ya dhahabu, buluu au kijivu, ambazo hazina thoriamu.

Noa ncha iwe kali kama penseli, urefu wa mchongo uwe mara mbili au mara mbili na nusu ya unene wa sindano. Mistari ya kunoa ifuate urefu wa sindano. Ikizunguka kama pete, mwale utayumba. Tengeni jiwe moja la kunolea tungsteni pekee. Jiwe lililonoa mapanga na patasi huacha uchafu kwenye ncha.

Ingiza sindano kwenye tochi, iache itokeze milimita 3 hadi 6 nje ya kikombe, kisha kaza kifuniko cha nyuma kwa mkono.

6. Usafi wa chuma

TIG haina unga wa kusafisha kama ule ulio kwenye fito za kawaida. Uchafu wowote utakaouacha utaingia kwenye mshono. Ondoa kutu na rangi kwa grainda au tupa mpaka chuma king'ae, angalau sentimita mbili kila upande. Futa mafuta kwa asetoni na kitambaa safi, ngoja ikauke kabisa, na uweke chupa na kitambaa mbali kabla ya kuwasha. Futa pia waya wa kujazia.

Kwa stenlesi, tumia brashi ya waya wa stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Brashi ya kawaida huacha chembe ambazo baadaye hushika kutu. Andika jina la kazi kwenye mpini wa brashi ili mwenzako asikosee.

ONYO: Usisafishe chuma kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia breki za magari kabla ya kuchomelea. Baadhi ya dawa hizo zina klorini. Mwale wa umeme ukizikuta, hutengeneza fosijeni, gesi ya sumu iliyotumiwa vitani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kiasi kidogo tu kinaweza kuharibu mapafu, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa. Dawa hiyo isiwekwe kabisa karibu na meza ya kuchomelea.

Mabomba na mabati yaliyopakwa zinki nayo hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka. Ondoa zinki kwanza, huku umejikinga, au ikatae kazi hiyo. Na usichomelee kamwe pipa au mtungi uliofungwa, au uliowahi kubeba petroli, mafuta au kemikali.

7. Kiasi cha umeme

Kwa chuma cha kawaida, anza na takriban ampia 40 kwa kila milimita ya unene, kisha rekebisha:

- Milimita 1: ampia 35 hadi 45
- Milimita 1.5: ampia 55 hadi 65
- Milimita 2: ampia 70 hadi 85
- Milimita 3: ampia 100 hadi 120

Stenlesi hushikilia joto, kwa hiyo punguza kidogo. Kwa chuma cha kawaida, waya wa kujazia wenye alama ER70S-6 unafaa. Kwa stenlesi ya aina ya 304, inayotumika sana kwa vyombo vya chakula, tumia ER308L.

Weka gesi iendelee kutoka baada ya mwale kuzimika: sekunde moja kwa kila ampia 10, na isipungue sekunde tano. Kwa ampia 60, weka sekunde sita.

8. Kuchomelea, hatua kwa hatua

Vaa kofia ya kuchomelea yenye kioo cha namba 9 hadi 11 kulingana na ampia, glavu za ngozi nyembamba, shati la pamba lenye mikono mirefu na viatu vilivyofunika miguu. Nguo za nailoni huyeyuka mwilini. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikaribie mashine bila idhini ya daktari.

Hatua ya 1. Bana athi kwenye kipande chenyewe, mahali pasafi.

Hatua ya 2. Kaa au simama mahali ambapo mkono wako umeegemea kitu. Pitisha tochi juu ya mshono mzima kabla ya kuwasha, uone kama mkono unafika.

Hatua ya 3. Waonye walio karibu kwa sauti. Vuta pazia la kukinga macho.

Hatua ya 4. Washa mwale. Baadhi ya mashine huwasha bila kugusa chuma. Nyingine hutaka uguse ncha taratibu na kuinua.

Hatua ya 5. Umbali kati ya ncha na chuma uwe karibu sawa na unene wa sindano, si zaidi. Laza tochi kidogo, nyuzi 15 hadi 20 kutoka wima, ikielekeza moto kule unakokwenda.

Hatua ya 6. Usiende popote. Ngoja kidimbwi kinachong'aa kitokee na kiguse vipande vyote viwili.

Hatua ya 7. Chovya waya kwenye ukingo wa mbele wa kidimbwi, uuondoe, sogeza tochi milimita mbili au tatu, chovya tena. Waya usiguse sindano, na ncha yake isitoke nje ya kivuli cha gesi.

Hatua ya 8. Ukifika mwisho, punguza umeme polepole, zima, lakini usiinue tochi. Ishikilie hapo hapo hadi gesi ikome. Ukiinua mapema, mwisho wa mshono utapasuka na sindano itageuka nyeusi.

Ncha ikigusa kidimbwi, acha. Toa sindano, inoe upya, safisha mahali hapo ndipo uendelee. Kila fundi wa TIG amepitia hapo. Fanya mazoezi ya siku kadhaa kwenye vipande vya taka kabla ya kugusa mkebe wa mteja.

9. Mkebe wa maziwa una sharti moja zaidi

Stenlesi ikiyeyuka, upande wa ndani nao unakutana na hewa. Usipoukinga, utaota makombo meusi kama sukari iliyoungua. Maziwa hujificha humo, brashi haifiki, na bakteria huzaliana. Mfugaji ataosha mkebe kila siku na bado maziwa yake yatakataliwa.

Dawa yake ni kupeleka agoni ndani pia. Funika mdomo wa mkebe kwa karatasi ya alumini na utepe unaostahimili joto. Ingiza mpira wa agoni upande wa chini, acha tundu dogo juu ili hewa isukumwe nje, kisha anza. Tundu hilo lisizibwe, mkebe usije ukajaa presha. Ukimaliza, angalia rangi ya mshono. Dhahabu au buluu hafifu ni nzuri. Kijivu kilichokolea au nyeusi inaonyesha joto lilizidi au gesi ilipungua. Lainisha upande wa ndani, osha kabisa, na umwonyeshe mwenye mkebe kabla ya kumrudishia.

10. Daftari la gesi

Ugomvi mwingi katika karakana za pamoja huanzia kwenye gesi: nani aliimaliza na nani atalipa? Hesabu ni rahisi. Mtungi wa ujazo wa lita 50 ukijazwa hadi bari 200 una takriban lita 10,000 za agoni. Kwa mtiririko wa lita 8 kwa dakika, hiyo ni kama saa 20 za kuchomelea. Ukifungua hadi lita 15, zinabaki saa 11.

Andika presha kabla na baada ya kazi. Ikishuka kutoka bari 150 hadi 144, umetumia bari 6. Zidisha kwa 50, unapata lita 300. Mlipe kila mmoja kulingana na lita zake.

Daftari hilo pia hugundua uvujaji. Kama jioni iliandikwa bari 120 na asubuhi saa inasoma 90, lita 1,500 zimepotea usiku, nazo ni zaidi ya saa tatu za kazi. Kwa hiyo kila anayemaliza afunge vali ya mtungi wenyewe, si regulata pekee. Aandike pia upande ambao tochi imechomekwa, ili wa kesho asibahatishe.

11. Afya yako na ya jirani

Mwale wa TIG hauna moshi mwingi, na hapo ndipo unapodanganya. Mwanga wake huchoma macho na ngozi hata kwa aliyesimama kando. Maumivu huja baada ya saa kadhaa, macho yakiwa kama yamejaa mchanga. Usiyasugue, usiweke maziwa wala vipande vya viazi. Nenda kituo cha afya.

Vivyo hivyo, kunywa maziwa baada ya kazi hakuondoi moshi mapafuni. Maziwa ni chakula kizuri, lakini kinga ni hewa inayopita na kuweka kichwa nje ya moshi. Moshi wa stenlesi una kromiamu inayoweza kusababisha saratani.

Agoni nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja kwenye shimo, tangi au chumba kidogo hukaa chini na kusukuma hewa nje. Mtu huzimia bila kunusa chochote. Usiingie peke yako mahali kama hapo, na ukimwona mwenzako ameanguka humo usimfuate ndani kwa pupa. Funga gesi, ingiza hewa, ita msaada.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwenye mahali pa kazi kulinda usalama na afya ya wote walio hapo, na inamtaka mfanyakazi naye kutumia vifaa vya kujikinga anavyopewa. Ukubwa wa karakana hauondoi wajibu huo.

12. Pa kujifunza zaidi

Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Uliza katika chuo kilicho karibu nawe, au katika ofisi ya wadi, kuhusu mafunzo ya uchomeleaji. Fundi aliyejifunzia kazini anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, NITA, akaanzia daraja la tatu na kupanda. Cheti hicho humsaidia anapoomba kazi au zabuni.

Jipime

1. Ncha ya sindano imevimba kama kichwa cha kiberiti mara tu ulipowasha. Utaangalia nini kwanza?
2. Mshono una matundu, ingawa umefungua gesi hadi lita 18. Tatizo laweza kuwa nini?
3. Mwenzako amepulizia chuma dawa ya breki na anakuambia, "Endelea, imekauka." Utafanya nini?
4. Presha imeshuka kutoka bari 90 hadi 86 kwenye mtungi wa lita 50. Umetumia lita ngapi?

Majibu

1. Kama tochi imechomekwa upande wa chanya badala ya hasi.
2. Gesi imezidi na inavuta hewa ndani. Punguza hadi lita 7 hadi 10, kisha angalia upepo na usafi wa chuma.
3. Kataa. Kitenge kipande hicho mahali penye hewa, utumie kingine kilichosafishwa kwa asetoni, na umweleze mwenzako sababu.
4. Lita 200.

Kata somo hili na ulibandike ukutani karibu na mashine, mahali ambapo anayefika wa kwanza asubuhi ataliona kabla ya kugusa swichi.